Alipokuwa Tunduma nilimtamani

Mume wangu ni dereva wa malori. Miaka ninayotaka kuisimulia alikuwa akipakia saruji hapa Tanga na kuipeleka Tunduma, na foleni ya mpakani ikiwa mbaya hukaa huko siku tano au sita gari halisogei. Kwenda na kurudi zinakatika wiki mbili. Ndani ya wiki mbili hizo nilikuwa namtamani mpaka najionea haya. Niko kwenye cherehani, mguu unakanyaga, akili iko shingoni kwake. Usiku nalalia shati alilolivua siku ya kuondoka, silifui kwa makusudi. Akipiga simu yuko Mbeya, sauti yake naisikia tumboni. Akifika Iringa nafua mashuka. Akifika Chalinze nachoma udi. Akifika Segera, ambako zimebaki kilomita sabini na kitu aingie Tanga, hamu inazimika. Nilikuwa naisikia kabisa inavyozimika, kama jiko la utambi lililoishiwa mafuta: moto unageuka wa njano, unapungua, unabaki moshi.

Anaingia, anaoga, anakula wali wa nazi niliompikia kwa moyo wote. Tunaingia chumbani. Mkono wake unakuja kiunoni, unazitafuta shanga, na mimi nimekodolea macho chandarua nahesabu vitundu. Mwili umekuwa gogo. Nasema nimechoka. Safari ya kwanza akanielewa. Ya pili akanyamaza. Ya tatu, ilikuwa Julai 2017, akakaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko kama angefoka: "Mke wangu, kuna mtu?"

Hakukuwa na mtu. Nilikuwa na miaka 27, mtoto mmoja, na mume ninayempenda. Nililia usiku ule kwa sababu sikuwa na jibu la kumpa, na kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajiuliza swali kubwa zaidi: nimeharibika?

Neno hilo nimelisikia mara nyingi tangu hapo. Nina chumba cha kushonea Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba, na nyuma ya meza ya kukatia nimetundika pazia la kujaribia nguo. Mwanamke akishavua gauni nyuma ya lile pazia, nami nimepiga magoti na futi ya kitambaa kumpima kiuno, husema mambo ambayo mbele ya kioo hasemi. Wengi ni wasichana wa miaka 22, 25, 28. Mmoja ana mchumba anayemgombania kila siku, na kila wiki ya pili ya mwezi anamtaka kama kichaa, ikifika wiki ya nne hataki hata kumsikia. Mwingine ameolewa miezi minane, anasema hamu imekufa kama vile mtu amezima taa. Mwingine kinyume chake: anajiona ana hamu kupita kiasi, kumshinda mumewe, na anaogopa ataitwa malaya. Wote wanamalizia na lilelile: fundi, mimi nimeharibika? Nimefungwa? Nimeingiwa na jini mahaba? Nawaandikia haya wao kwanza.

Nirudi nyuma kidogo. Niliolewa mwaka 2014 nikiwa na miaka 24, na kama ilivyo ada kwetu nikakabidhiwa kwa somo, yaani kungwi wa kunifunda. Siku saba alinikalisha ndani. Alinifundisha kusinga mwili, kuvaa kikuba, kufukiza udi ukaingia kwenye nywele na kwenye shuka, kutunga shanga na kuzivaa, kumpokea mume, kumkanda, kumsemesha. Alinifundisha mengine ambayo yanabaki ndani ya chumba kile. Nilimheshimu na namheshimu hadi leo, maana mengi aliyonipa yamenifaa, na sipendi kuwasikia watu wanaowacheka makungwi bila kujua wanalolicheka. Lakini katika siku saba zile hakuna saa hata moja tuliyozungumzia siku ambayo mimi nitakuwa sitaki. Ilikuwa kana kwamba hamu ya mwanamke ni maji ya mtungini, yapo tu, kazi yako ni kuyachota na kumpa mwenzio. La kusema siku mtungi ukiwa mkavu lilikuwa moja: sema kichwa kinauma.

Mwaka ule wa kwanza mtungi haukukauka. Hata hivyo nikianza kukumbuka sasa, nao ulikuwa ukipanda na kushuka. Kuna siku nilikuwa naamka na ashki bila sababu yoyote, natafuta kisingizio cha kumpigia simu arudi mapema. Wiki moja baadaye namwona analegeza mkanda naomba Mungu asinisogelee. Nilidhani ni tabia yake inayobadilika: wiki hii mpole, wiki ijayo ananichosha. Kumbe mtu ni yuleyule.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Januari 2016. Mavyaa akaja kunikanda, maji ya moto asubuhi na jioni, uji wa pilipili manga, tumbo limefungwa kwa kanga mbili. Nilitunzwa. Arobaini ilipotoka, kila mtu ndani ya nyumba alikuwa anajua usiku ule mume wangu anarudi chumbani, hata wifi zangu walikuwa wananitazama wanatabasamu. Nami nilikuwa naogopa. Haikuwa woga wa mwari. Nilikuwa mkavu, nikaumia, nikauma mto nisisikike, nikasema sijambo. Nikasema sijambo usiku mwingine, na mwingine. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika habari hii yote. Mwili hauwezi kuumizwa mara kumi mahali pamoja halafu ukapakimbilia mara ya kumi na moja. Unajifunza. Wangu ulijifunza kwamba mkono wa mume kiunoni ni mwanzo wa maumivu, ukaanza kujikaza kabla mkono haujafika.

Kulikuwa na jingine ambalo sikulijua jina lake, na mpaka leo sijui kama lina jina. Mtoto alikuwa ananyonya usiku na mchana. Mchana namfunga mgongoni nikishona, jioni yuko kifuani, usiku yuko ubavuni. Kufika saa nne usiku ngozi yangu ilikuwa imeguswa siku nzima. Halafu unakuja mkono mwingine, nao unataka. Nilikuwa natamani saa moja tu mwili uwe wangu peke yangu, pasiwe na mtu anayeshika chochote. Ukimwambia hivyo mwanamume ambaye ametoka kulala wiki mbili kwenye kebini ya lori, anaona umemfukuza.

Machi mwaka huohuo nikaanza sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu. Nilienda mwenyewe, sikulazimishwa, na ilinifaa kwa kazi niliyoitakia. Nilikuwa bado nanyonyesha, hedhi haijarudi, na kwa sindano ile haikurudi. Nikapita mwaka na nusu bila kuona siku zangu na bila kuona ile asubuhi ya kuamka na ashki. Sikuvihusisha viwili hivi hata kidogo.

Ndipo nikafika Julai 2017, kwenye lile swali la ukingoni mwa kitanda.

Nilianza kutafuta dawa kwa mlango usiofaa. Kuna mwanamke alikuwa anauza vichupa kwa simu, anakutumia picha, unamtumia pesa, kichupa kinakuja kwa bodaboda kimefungwa kwenye gazeti. Unga mweupe. Maelezo yake: unarudisha hamu, unakufanya uwe kama msichana. Nikautumia jioni ya kumpokea mume wangu. Ulichofanya ni kuukausha hata ule ute mdogo niliokuwa nao, na kuunguza. Siku tatu nilikuwa naenda haja ndogo huku nimeshika ukuta. Baadaye niliyemwonyesha kile kichupa aliuonja ule unga kwa ncha ya ulimi akasema ni shabu, ileile wanayotumia vinyozi kukazia ngozi na watu wa visima kutuliza tope kwenye maji. Nasema hili wazi kwa kila anayesoma: kitu kinachokausha na kubana huko hakileti hamu. Kinachubua, na mchubuko ni mlango wa maradhi, ya zinaa na mengine. Hamu ya mwanamke inaandamana na ute. Ukiukausha ute, umeifungia hamu nje.

Halafu wifi yangu mkubwa, kwa nia njema kabisa, akanipeleka kwa mganga. Nilikunywa kombe, nikafukizwa ubani, nikaambiwa nina jini mahaba anayenionea wivu, ndiyo maana mume akiwa mbali nampenda na akikaribia namchukia. Mtu aliye katika hali ile, maneno hayo yanamwingia, maana yanafanana na kinachompata. Mimi nimezaliwa pwani, siwezi kusimama hapa nikawatukania watu imani yao. Ninachosema ni kwamba kwa siku zote nilizokaa pale hakuna aliyeniuliza kama nanyonyesha, kama kuna dawa natumia, kama naumia, kama nalala usingizi.

Aliyeniuliza alikuwa nesi wa kliniki, Oktoba mwaka ule, nilipokwenda kwa tarehe yangu ya sindano. Mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alichukua kadi yangu, akatayarisha pamba, na mimi sikujua hata mdomo wangu umefunguka saa ngapi. Nikamwambia, "Mama, mimi simtaki mume wangu na nampenda." Mficha uchi hazai, wazee wamesema. Akaiweka pamba chini, akaenda akafunga mlango, akarudi akakaa.

"Umeanza lini?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza lini. Wote walikuwa wananiuliza kwa nini. Nikaanza kuhesabu kwa vidole mbele yake, na nikihesabu naona mambo yanajipanga: kuzaa, arobaini, kunyonyesha, sindano. Akanieleza polepole, na mengi niliyoyashika ndiyo haya. Mwanamke anayenyonyesha mwili wake unatoa kwa wingi homoni ya maziwa, prolaktini, na ile ya kike inayolainisha na kuleta ute, estrojeni, inashuka. Ukavu wangu haukuwa uchawi, ulikuwa maziwa ya mwanangu. Katika mwezi wa kawaida, estrojeni hupanda kuelekea katikati ya mzunguko, yai linapokaribia kutoka. Ute unakuwa wa kuvutika kama ute wa yai bichi, na wanawake wengi siku hizo huona hamu inawapanda. Yai likishatoka inatawala homoni nyingine, projesteroni, na wengi hutulia, wengine huvimba maziwa na kununa mpaka siku zao zifike. Ile sindano nayo imetengenezwa na homoni ya jamii ya projesteroni. Kazi yake ni kuyalaza mayai, na mayai yakilala, ile kupanda na kushuka ya mwezi nayo hulala.

Nikamuuliza, kwa hiyo sindano ndiyo imeniua? Akakataa kusema hivyo, na nilimpenda kwa kukataa kwake. Akasema wapo wanaolalamika kama mimi, na wapo wengi zaidi ambao hawaoni tofauti yoyote. Hilo nimelishuhudia mwenyewe. Shoga yangu wa barabara ya pili anatumia sindano hiyohiyo, na kwake hamu iliongezeka, maana kabla ya hapo kila akilala na mumewe alikuwa anahesabu tarehe kichwani na moyo unamdunda asishike mimba ya tano. Ilipoondoka hofu, ikaingia raha. Kwa hiyo msichana asisome hapa akaenda kutupa kadi yake ya kliniki. Aende akaseme, kama nilivyosema.

Akanipima damu, ikaonekana imepungua, akanipa vidonge vya madini ya chuma. Akaniuliza usingizi, nikamwambia saa nne, saa tano kwa usiku, kwa vipande. Mwisho akaniuliza, "Na nyumbani mnaongea?"

Nikamwambia tunaongea. Nilimdanganya.

Ukweli ni kwamba mwezi Mei, kabla ya yote kufika pale, nilikuwa nimeweka shilingi 800,000 za kununua mashine ya ovaloki. Miaka miwili ya kudunduliza, pindo moja moja, sare moja moja ya shule. Nilimpa mume wangu aniwekee, maana ndani kwangu pesa haikai. Kaka yake akapata shida, akampa. Hakuniambia. Nilijua siku nilipozihitaji. Sikugomba. Nilisema, "Basi, ndugu ni ndugu," nikaingia jikoni nikakuna nazi mpaka kifuu kikabaki cheupe. Nilidhani nimesamehe kwa sababu nilikuwa nimesema maneno ya kusamehe.

Mwili haukusamehe. Ndiyo maana aliyekuwa Tunduma nilimtamani. Wa Tunduma hakuwa amenichukulia pesa. Wa Tunduma alikuwa sauti tu na shati, alikuwa mume niliyemtengeneza mwenyewe kichwani kwa namna ninayoitaka. Kadiri alivyokuwa anakaribia, Chalinze, Segera, ndivyo alivyokuwa anarudi kuwa yule mwenye ndugu na madeni na siri. Kinyongo kilikuwa kinampokea mlangoni kabla yangu.

Nilimwambia usiku mmoja umeme umekatika, mtoto amelala, tumekaa barazani kwa joto. Gizani maneno yanatoka kirahisi. Nikamwambia yote kwa mpigo, maumivu, maziwa, sindano, na nilipofika kwenye ovaloki sauti ikanikatika. Alinyamaza muda mrefu. Nikadhani amekasirika. Halafu akasema, "Ya ovaloki nilijua. Nilikuwa nangoja uniulize nikuombe radhi, hukuniuliza." Watu wazima wawili, miezi mitano, kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Pesa aliirudisha kidogo kidogo, ikaisha Februari. Lakini kilichorudisha usingizi wangu ni usiku ule wa barazani, si noti.

Usiku uleule ndipo nilipomwambia pia kwamba nilikuwa naumia na nilimficha. Hilo lilimpiga kuliko pesa. Alishika kichwa. "Ulikuwa unaniachia nikuumize?" Ndiyo, nilikuwa namwachia. Tangu siku hiyo hajawahi kuendelea bila kuniuliza, na mimi sijawahi kusema sijambo ikiwa naumia. Nikiwapima wasichana nyuma ya pazia, hapa ndipo ninaposema kwa nguvu kuliko popote.

Sindano niliiacha mwanzoni mwa 2018, nikawekewa kitanzi cha shaba ambacho hakina homoni. Si kila mtu kinamfaa, kwangu hedhi ilikuja nzito na maumivu ya tumbo yakaongezeka. Nesi alikuwa amenitahadharisha kwamba sindano haitoki mwilini siku unapoiacha, naweza kusubiri miezi. Nilisubiri saba. Mtoto nilikuwa nimeshamwachisha ziwa. Nikaanza kuandika nyuma ya daftari langu la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho, alama ndogo tu: siku za hedhi nukta nyekundu, siku ya hamu duara, siku ya gogo mstari. Ukilifungua leo utaona maduara yamekusanyika katikati ya mwezi, si kila mwezi, lakini yamekusanyika. Utaona pia duara limekaa peke yake katikati ya mistari, na pembeni nimeandika "alinisaidia kukata kitambaa". Na utaona mwezi mzima wa mistari mitupu, Desemba, ambapo nilikuwa nashona sare za shule usiku na mchana kwa ajili ya Januari. Homoni zina sehemu yao. Sare za shule nazo zina yao.

Siku ilivyorudi naikumbuka vizuri. Ilikuwa mchana wa jua kali, nimeweka pasi ya mkaa kwenye suruali ya mteja, mvuke unapanda kutoka kwenye kitambaa kilicholowa. Mume wangu alikuwa chini ya gari nje anafunga nati, miguu tu ndiyo inaonekana, na alikuwa anaimba kwa chini bila kujua kama kuna anayemsikia. Ikaja. Haikutoka Tunduma. Ilitoka hapohapo, kwa mtu aliye hapa, mwenye grisi mpaka kwenye viwiko. Nikaiinua pasi haraka, nusura niiunguze suruali ya watu.

Baadaye nilisoma kwenye simu habari za daktari mmoja wa Kanada, Rosemary Basson, aliyeandika mwaka 2000 kwamba kwa wanawake wengi, hasa walio katika uhusiano wa muda mrefu, hamu si lazima itangulie. Inaweza kufuata. Mwanamke anaanza akiwa ametulia tu, hana moto wala baridi, lakini yupo radhi kuwa karibu na mwenzie. Anapopapaswa, anaposemeshwa, mwili unaamka, na hamu inaingia katikati ya safari. Nilisoma mara tatu. Somo yangu alinifundisha mapambo yote ya kumwamsha mume. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nami ni wa kuamshwa, na kwamba kungoja kuamshwa si ugonjwa.

Ila niliweke wazi jambo moja, kwa sababu najua wanaume watalichukua vibaya. Kutokuwa na hamu ukiwa radhi, na kutotaka, ni vitu viwili. Mtu aliye radhi ukimsogelea anasogea, hata kwa nywele moja. Asiyetaka anakaza. Mkono ulio na macho unajua tofauti. Anayeendelea juu ya mwili uliokaza anaufundisha kile wangu ulichofundishwa mwaka 2016, na kukifuta kilichukua miaka miwili.

Mimi na mume wangu tulifanya badiliko dogo. Usiku wa kurudi safari hatutafutani. Anaoga, anakula, ananisimulia njia, nani alipindukia mlima Kitonga, askari gani alimsumbua, mtoto anamlalia mapajani, tunalala. Ni usiku wa kuzoeana upya. Unadhani ni jambo dogo, lakini ile Segera iliacha kuzima moto, kwa sababu sikuwa tena nasubiriwa na mtihani nyumbani kwangu.

Nilikwenda Pangani kumtembelea somo yangu mwaka 2019. Nilimkuta juu ya mbuzi anakuna nazi. "Shikamoo somo." "Marahaba somo yangu, karibu." Nikakaa nikamweleza yote, nilikuwa nimekuja na lawama kidogo moyoni, siwezi kuficha. Akasikiliza huku anakuna. Nilipomaliza akafuta mikono kwenye kanga, akaniambia kwamba baada ya mwanawe wa nne alikaa karibu miaka mitatu hana haja na mume, na kila usiku alikuwa anachelewa makusudi jikoni anasugua sufuria iliyokwisha takata, mpaka asikie mume anakoroma. Nikamuuliza, mbona hukunifundisha? Akanitazama. "Mimi nani alinifundisha? Mwari tunamwonyesha njia ya kwenda. Ya kurudi kila mtu anaitafuta peke yake." Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia kwa mtu wa umri wake: mwari anayefuata atamwambia. Na najua alimwambia, kwa sababu mwari huyo alikuwa mteja wangu, nilimshonea gauni la kutolewa nje.

Nilishika mimba ya pili baada ya kutoa kitanzi, mwaka 2020. Miezi ya kati hamu ilinipanda kuliko wakati wowote wa maisha yangu, mume wangu ndiye aliyekuwa anaogopa kumuumiza mtoto, ikabidi twende wote kliniki aambiwe kwamba mimba isiyo na tatizo haina shida. Baada ya kuzaa ikashuka tena kama ilivyoshuka mara ya kwanza. Safari hii nilijua ni maziwa. Nilinunua mafuta ya kulainishia duka la dawa, yale ya maji, bila kuona haya. Mwaka 2022 mama yangu akafariki, na hapo ikaondoka kabisa, miezi minane, hata kukumbatiwa kulikuwa kunanichoma. Sikwenda kwa mtu. Mume wangu hakuniuliza kama kuna mtu. Alikuwa analala mgongo kwa mgongo nami, anasema hivyo ananisikia nikilia bila kuniangalia. Iliporudi, ilirudi nyembamba, kama mtu anayechungulia mlangoni kuona kama wenyeji wapo.

Nina miaka 35. Daftari la nukta na maduara niliacha kuliandika zamani, siku hizi nausoma mwili bila kalamu.

Alhamisi iliyopita alinipigia saa kumi na moja jioni. Nyuma yake nilisikia wauza machungwa wanavyogombania madirisha ya mabasi, nikajua yuko wapi kabla hajasema. "Niko Segera," akasema. "Leo vipi?"

Nikamwambia sijui bado, njoo kwanza ule.